Picha za Kwenda Dodoma

Mke wangu aliondoka Nachingwea mwezi ambao mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua. Binti yetu alikuwa amejifungua mapacha Dodoma, na mama mkwe wake hakuwa na afya ya kulea. Tulikubaliana mke wangu akae huko mpaka watoto wakaze shingo, kisha arudi kabla ya kuokota korosho. Nilimsindikiza stendi na begi lake nimelifunga kwenye keria ya baiskeli, yeye akitembea pembeni yangu akinipa maagizo kuhusu kuku, pipa la maji na jirani aliyekuwa na tabia ya kuazima jembe. Hatukuwa tumegombana, na hilo nalisema mapema kwa sababu watu wengi wameniuliza.

Wiki ya kwanza alipiga simu kuuliza kama yule kuku mweusi ameanza kuatamia. Nikaanza kumweleza alivyokaa, anavyokula, anavyonitazama nikimkaribia. Akanikatiza.

"Mwalimu, piga picha nione mwenyewe. Wewe ukieleza kitu unakieleza kama uko darasani."

Ameniita Mwalimu tangu tulipokuwa wachumba, nikiwa kweli mwalimu wa shule ya msingi, na aliendelea kuniita hivyo nilipostaafu. Nikapiga picha, nikaituma. Alinijibu kwa sauti, akicheka, kwamba yule kuku haatamii, anaumwa, nimtenge na wenzake haraka. Nikamtenga. Alikufa kesho yake, lakini wengine walipona, na asubuhi iliyofuata nikamtumia picha ya hao waliopona.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi kabla ya chai nilipiga picha moja na kuituma Dodoma. Jiko. Kamba ya nguo. Mche wa mpapai uliokuwa umeota wenyewe karibu na bafu. Yeye alijibu kwa maagizo: hiyo sufuria mbona iko juani, huo mpapai usiung'oe, hilo shuka ni la wageni. Niliyapenda yale maagizo. Nilikuwa nayasikiliza mara ya pili nikiwa nakunywa chai, na wakati mwingine nilipiga picha ya kitu nilichojua fika kwamba atakilalamikia.

Nilinunua pia kaunta buku. Miaka yote ya kazi nilikuwa naandika andalio la somo kila jioni, na baada ya kustaafu mkono ulikuwa unatafuta cha kuandika. Chini ya tarehe niliandika nimepiga picha ya nini, hali ya hewa, na mke wangu amesema nini. Mistari mitatu au minne tu.

Muda tuliopanga ukapita. Pacha mmoja alishikwa na homa, ikabidi mke wangu asubiri. Homa ikaisha, binti akatakiwa kurudi kazini. Akapatikana msichana wa kazi, akakaa kidogo, akaondoka bila kuaga. Ikaja Krismasi, nauli zikawa ngumu na mabasi yamejaa. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyenidanganya. Lakini majibu ya picha yalianza kufupika. Sauti ikawa maandishi, maandishi yakawa neno moja, neno likawa kile kidole gumba cha kwenye simu. Siku ambazo hakujibu kabisa niliandika "kimya" mwisho wa mistari yangu. Baadaye niliacha kuliandika neno hilo, kwa kuwa lilikuwa linajirudia na lilikuwa linanichafulia ukurasa.

Nikafikiri tatizo ni picha zangu. Mtu atatazama pipa la maji mara ngapi? Nikaiondoa baiskeli ukutani. Ni ile nyeusi, ya zamani, iliyokuwa ikinipeleka kazini nilipofundisha Marambo. Nikabadilisha tairi la nyuma, nikapaka cheni mafuta, nikakaza spoki zilizolegea, na asubuhi nikaanza kutoka nje ya mji kutafuta kitu cha kumtumia.

Watu walizoea kuniona nikienda shule, sasa hawakujua naenda wapi. Waliniuliza njiani, na nilipowajibu kwamba natembea tu, walinitazama kama mtu anayeficha jambo. Siku moja nilikwenda mbali kuliko kawaida, kwa njia ya Kiegei, nikasimama kupiga picha ya shamba la mahindi lililochanganywa na mbaazi, lote likiwa limelowa umande. Mwenye shamba akatoka katikati ya mahindi akiwa na jembe begani. Alitaka kujua nimetumwa na nani. Kumbe ilikuwa imevuma kwamba kuna watu wanapita kupima maeneo. Nikamwambia picha ni ya kumtumia mke wangu. Akauliza mke wangu yuko wapi, nikamwambia Dodoma, akauliza mtu wa Dodoma anataka mbaazi zake za nini. Nikaifuta ile picha mbele ya macho yake ili aridhike. Ndipo akauliza, kwa sauti nyingine, mke wangu ameondoka lini. Nikamwambia. Akashusha jembe.

"Basi piga nyingine," akasema.

Nilimshukuru lakini sikupiga. Ule ukali wake wa mwanzo nilikuwa nimeuvumilia. Hii huruma ilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi.

Mvua zilipokatika nikapata wazo la Ruangwa. Mke wangu ni Mmwera, amezaliwa huko, na ndiko nilikomposa. Wazazi wake walikwishafariki, lakini dada yake mkubwa, mjane, bado alikuwa akiishi karibu na uwanja wa zamani wa familia. Nilitoka Nachingwea kabla jua halijachomoza, na chupa ya maji na koti la mvua nililolibeba bure. Barabara ilikuwa inatengenezwa; sehemu nyingine nilipanda baiskeli, sehemu nyingine niliisukuma kwenye kifusi chekundu huku malori yakinipaka vumbi. Vilima vya Ruangwa vilipotokea mbele miguu ilikuwa haina nguvu tena, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa imebaki ukuta mmoja. Mahali palipokuwa na jiko pameota mkorosho. Nikapiga picha ukuta, nikapiga mkorosho, nikapiga lile jiwe pana ambalo yeye na dada yake walikuwa wakianikia muhogo. Nikaenda barabarani kwenye mtandao mzuri, nikazituma. Simu ikaita hata sijaiweka mfukoni.

"Mwalimu, uko Ruangwa?"

Ilikuwa sauti yake yenyewe, ile ya zamani. Alitaka nifungue video, nirudi pale uwanjani, nigeuze simu upande wa kushoto, aone kama mfenesi bado upo. Ulikuwepo. Akamwita binti yetu aje aone, akaanza kumsimulia jinsi alivyoanguka kutoka kwenye mfenesi ule akiwa mdogo na baba yake akaukasirikia mti badala ya kumkasirikia yeye. Nilikuwa nimesimama juani nimenyoosha simu mbele yangu kama mtu anayemulika njia, nikiwasikia wote wawili wakicheka, mpaka chaji ikaisha. Jioni ile kwa shemeji niliazima kalamu, nikaandika pembeni mwa gazeti kila neno alilosema, nikaja kulinakili kwenye kaunta buku nilipofika nyumbani.

Baada ya hapo Ruangwa ikawa safari yangu. Jumamosi nyingi nilikwenda, nikalala, nikarudi Jumapili baada ya misa. Mke wangu aliniagiza picha: kanisa, shule aliyosoma, pale sokoni ambapo yeye na mama yake walikuwa wakiuza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha huku kusini. Magoti yaliniuma mpaka nikawa nayafunga kitambaa chenye dawa ya kuchua. Sikujali. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: mtu anayekumbuka kwao namna hii, hawezi kukaa mbali muda mrefu. Nilianza hata kupaka chokaa chumba chetu, na nikanunua pazia.

Shemeji yangu huyo si mtu wa maneno. Kiswahili anakijua, lakini ni cha sokoni na kanisani. Akitaka kusema jambo zito anarudi kwenye Kimwera, nami Kimwera nakielewa kuliko ninavyokisema. Kila nilipofika alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu, akanitandikia chumba cha mwanawe, asiulize kitu. Siku ninayoikumbuka tulikuwa tumekaa barazani tukipukuchua mbaazi. Nilimweleza habari za pazia. Nikamwambia mdogo wake yuko karibu kurudi, kwa sababu siku hizi haulizi habari nyingine ila za huku.

Aliendelea kupukuchua. Ungo ulipojaa, akasema.

"Shemeji, mdogo wangu harudi."

Nikasema watoto bado wadogo, wakikua kidogo atarudi.

"Watoto watakua. Yeye harudi."

Kisha akanieleza, nusu kwa Kimwera. Kabla ya kwenda Dodoma, mke wangu alikuja Ruangwa kuaga. Safari ile naikumbuka, nilidhani ni ya kawaida. Alichukua khanga za mama yao zilizokuwa zimehifadhiwa sandukuni kwa dada mkubwa, na hizo, kwao, mtu huzichukua akihamia kwingine. Alimwambia dada yake kwamba tangu nistaafu, na watoto wote wametoka, nyumba yetu imekuwa kimya sana. Mimi nakaa upande wangu, yeye upande wake, anayezungumza ni redio. Nikauliza kama alilalamika juu yangu.

"Hakukusema vibaya," shemeji akajibu. "Alisema wewe ni mtu mwema. Alisema hiyo nyumba inamtisha."

Na hizi picha je, nikauliza. Akasema anazipenda, kila akipiga simu anazisifu. Anazipenda akiwa huko huko. Akainuka, akaupeleka ungo ndani.

Kesho yake sikungoja misa. Nilipanda baiskeli nikarudi Nachingwea bila kusimama popote, na siku ile sikupiga picha. Jioni mke wangu akaandika kuuliza mbona leo hakuna. Nikamjibu simu haikuwa na chaji. Nilikaa chumbani kwenye harufu ya chokaa mbichi, nikajaribu kukumbuka sauti za nyumba ile tulipokuwa wawili. Nilikumbuka redio.

Nilikwenda Dodoma kiangazi kilipokolea. Nilibeba korosho za kwanza, mbaazi na kisamvu kilichokaushwa. Alinipokea stendi na pacha mmoja mgongoni. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa anatembea haraka, akisalimia watu ambao mimi nilidhani ni wapita njia. Wote aliwajua. Alikuwa ameingia kwaya. Alikuwa kwenye kikundi cha kina mama waliokuwa wakikutana nyumbani kwa binti yetu kila wiki, na wakikutana huwezi kusikia hata mvua ikinyesha. Mimi niliwekewa kiti kizuri barazani. Asubuhi binti aliniuliza ningependa kula nini mchana, kwa adabu kabisa, kama anavyoulizwa mgeni. Wajukuu waliogopa ndevu zangu. Nilizinyoa, wakaogopa kidevu.

Nilijaribu kuendelea na picha. Nilitoka asubuhi kwa miguu, lakini mitaa ile ni kuta na mageti, na mtu akikuona umesimama na simu mbele ya geti lake anamwita mlinzi. Sikuwa na baiskeli. Sikuwa pia na mtu wa kumtumia, maana yule niliyekuwa namtumia alikuwa jikoni. Kwenye kaunta buku kurasa za Dodoma zina tarehe na hali ya hewa tu.

Siku moja tulikuwa wawili uani, yeye akianika nguo za watoto. Nikamwuliza kama atarudi.

Alibana nguo ya mwisho kwenye kamba kwanza. "Hapa naitwa kutwa nzima," akasema. "Bibi huku, bibi kule. Nachoka, lakini nikilala nalala. Kule nilikuwa nalala nasikiliza saa ya ukutani."

Nikamwambia angeniambia.

"Nilikuambia, Mwalimu. Nilisema polepole, labda ndiyo maana." Akafuta mikono kwenye khanga. "Kaa hapa. Chumba kipo."

Niliona anamaanisha. Nililifikiria siku kadhaa, kwa haki kabisa, nikalipima kila upande. Mwisho nikamwambia siwezi, kwamba pale nitakuwa mtu wa kukalia kiti. Akasema alijua nitasema hivyo, na macho yake yakalowa, na yangu pia. Tulikaa uani mpaka kina mama wa kikundi wakaanza kubisha hodi. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ingekuwa rahisi. Nilitazama huku na huku, sikumwona.

Aliponisindikiza stendi aliniomba nisiache kutuma picha. Lakini za nyumbani hapana, akasema. Zile za jikoni na chumbani zinamtia uchungu na hana la kufanya. Nitume za njiani.

Nilirudi Nachingwea korosho zikiwa zimejaa kwenye maghala na mji mzima unanuka mabibo yaliyochachuka. Nyumba niliifagia. Nimeizoea, ila ninaposema nimeizoea sina maana kwamba naipenda. Kuna jioni naongea na kuku kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu najisikia nikiongea. Watu mjini walikwishaelewa, na kama kawaida ya watu, walianza kunitafutia mwanamke. Mmoja alikuja na jina kabisa na picha yake. Nilimpa chai, nikamwambia mimi nina mke, na ni kweli ninaye.

Nilichobaki nacho ni asubuhi. Nabeba simu, maji, pampu, natoka. Sasa naandika zaidi ya mistari minne. Wakati mwingine ukurasa mzima, kwa kuwa naandika kile ambacho ningekisema mezani. Naandika jinsi ukungu unavyokaa kwenye uwanja wa zamani wa ndege, na nani kaongeza chumba, na mbwa gani kaacha kunifukuza. Picha natuma, na kidole gumba kinakuja au hakiji.

Masika iliyofuata mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana wajukuu, alinialika Kilimarondo. Ni mbali, sehemu kubwa nilipandisha baiskeli kwenye lori, kisha nikaendesha kipande cha mwisho kwenye matope. Nilikuta tembo wamepita shambani kwake alfajiri ile ile. Mahindi yalikuwa yamelala kama yaliyokanyagwa na gari, na familia nzima ilikuwa imesimama pembezoni, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akisema lake kuhusu tembo wangapi na wametokea wapi. Mwanafunzi wangu alionyesha unyayo mmoja uliojaa maji. Niliweka ndala yangu pembeni ili ukubwa uonekane, nikapiga picha. Nikamwambia pole, akasema ndiyo hivyo, Mwalimu, tumezoea, twende tule.

Nilikaa nao siku mbili. Walikula kwenye sinia moja wakigombea mboga, watoto walipanda baiskeli yangu kwa zamu mpaka pedeli ikalegea, na kila aliyepita njiani aliingia kusema neno. Nilikaa katikati yao nikacheka walipocheka. Asubuhi ya kuondoka mke wa mwanafunzi wangu aliniuliza kama nyumbani wananingoja, ili ajue anifungie chakula cha wangapi. Nikamwambia niko mwenyewe. Alifunga mahindi ya kuchoma mengi yale yale aliyokuwa amekwisha kuyatoa.

Nilipofika penye mtandao nilituma ile picha ya unyayo. Mke wangu akapiga simu palepale. Alitaka kujua nimelala wapi, nyumba ilikuwa na mlango wa namna gani, na nani aliyenipeleka kwenye tembo na magoti yangu haya.

"Uliogopa?" akauliza.

Nikamwambia niliogopa kidogo, nilipouona huo unyayo. Akasema pole. Pacha mmoja akaanza kulia nyuma yake, akasema atanipigia baadaye.

Hakupiga siku ile. Nilifika nyumbani jua bado lipo, nikaipindua baiskeli uani magurudumu juu. Udongo wa Kilimarondo ukiwa umelowa ni mweusi na unanata, unajaza kati ya spoki na haukubali maji peke yake. Nilitafuta kijiti, nikakaa chini, nikaanza kuutoa spoki moja baada ya nyingine.